Kustarehe Mlimani, na Haki ya Wenye Mlima

Darsa letu limepokea barua ya ndugu mmoja akaaye Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda. Asili yake ni mtu wa Pwani, na kazi yake huko ni uwakala wa forodha, kuwatolea watu mizigo yao ipitayo kwenda Uganda na nchi zilizo mbele yake. Asema kwamba yeye na mkewe na watoto wao wanne wamekusudia, shule zitakapofungwa mwezi wa Disemba, kwenda Mlima Elgon wakapige hema katika mbuga ya taifa kwa siku tatu, wapande mlima, watazame mapango na ndovu, kisha warejee kwao. Alipowaeleza jamaa wa msikitini, wa Malaba na wa Busia, maneno yakawa mengi. Mmoja alimwambia kwamba hayo ni mambo ya Wazungu na kujifananisha nao. Wa pili akasema ni israfu kulipa fedha ili ukalale chini baridini hali una kitanda nyumbani kwako. Wa tatu akasema haimpasi mwanamke wa Kiislamu kulala hemani porini. Basi ndugu yetu ataka jawabu.

Mwisho wa barua, baada ya salamu, ameongeza mistari mitatu ambayo hakuitia katika swali lake. Anaye kijana ampakiaye mizigo, Msabaoti kwa kabila, naye alipomsikia bwana wake akizungumza khabari ya safari hii alicheka, akasema kwamba mama wa baba yake alizaliwa ndani ya pango katika mlima ule, na yeye mjukuu hajapata kulitia machoni hata siku moja, kwa kuwa hana fedha za kiingilio, na aingiaye bila ya kulipa hushikwa. Ndugu yetu ameyataja haya kama kichekesho. Sisi twaona kwamba swali lenyewe ndilo hili, na yale matatu ya kwanza ni mepesi.

Tuyaondoe kwanza yaliyo mepesi.

Ama kusafiri kwa kutazama viumbe vya Mwenyezi Mungu, Qur'ani imetuamuru mahali pengi tutembee katika ardhi tukatazame, na katika Suratul Ghashiya imetaja milima pamoja na ngamia na mbingu na ardhi katika vitu ambavyo mwenye akili hutakiwa avitazame vilivyoumbwa. Wala hema si mali ya Wazungu. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipigiwa hema la ngozi nyekundu huko Abtah, na Masahaba wakimjia hapo. Kujifananisha kunakokatazwa ni katika yale yaliyo alama ya dini ya watu wengine, si katika kitambaa na kamba na vigingi. Na wanazuoni wa madhehebu yetu ya Imamu Shafi walipozungumza juu ya safari gani inampa mtu ruhusa ya kufupisha sala, waliihesabu safari ya kuiburudisha nafsi kuwa ni makusudio sahihi. Kwa hivyo ndugu yetu na afupishe, na akitaka akusanye, kwani kutoka Malaba kwa njia ya Bungoma na Kitale hata lango la Chorlim ni zaidi ya marhala mbili. Kibla cha huko ni kaskazini, akielekea mashariki kidogo tu kuliko tulivyozoea sisi wa Mombasa.

Ama israfu, twastaajabu sana. Mtu akopaye kwa ajili ya arusi ya siku saba, akalisha mtaa mzima na kumwacha mwanawe bila ya karo, ndiye huyo huyo amwonyeshaye mwenziwe kidole kwa sababu ya hema na petroli! Israfu ni kupita mpaka katika kutumia, au kutumia hali mna deni au haki ya mtu inayongoja. Mwenye kuwa na ziada, akawatoa mke na watoto wake katika vumbi la malori waliloliona mwaka mzima, hakupita mpaka wowote.

Na ama mke, yeye atakuwa pamoja na mumewe na watoto wake. Bibi Aisha, Mungu amuwie radhi, amesimulia kwamba katika safari Mtume alishindana naye mbio, yeye akatangulia. Kisha baada ya muda, katika safari nyingine, Mtume akamshinda, akamwambia kwa mzaha kwamba hii ni badala ya ile. Ikiwa bora wa viumbe alicheza na mkewe safarini, ni nani huyo wa Busia aliye mchaji zaidi yake?

Mambo mawili twamwusia ya pembeni. La kwanza, mapangoni asiache ubani wala marashi wala kitambaa chekundu, kwani watu wetu wa Pwani wakiona pango hawakosi kulidhania lina mwenyewe. La pili ni la kuilinda nafsi. Pango la Kitum, ambalo ndovu huingia usiku kiasi cha mita 200 ndani ya mlima wakachimba chumvi kwa pembe zao, ni ajabu katika maajabu ya Mola. Lakini mwaka 1980 mtu mmoja aliyekuwa amelizuru alishikwa na maradhi ya Marburg akafa, na mwaka 1987 kijana wa miaka 15 aliyelizuru naye akafa kwa maradhi hayo hayo, na wataalamu wamekuja kubainisha kwamba wako popo wanaokaa mapangoni ambao huvibeba virusi hivyo. Watoto na watazame kutoka mlangoni. Qur'ani imetukataza kuitupa nafsi katika maangamizo.

Sasa twaja kwenye maneno ya yule kijana.

Watu wa Malaba, asubuhi isiyo na mawingu, huuona mlima huu kwa upande wa kaskazini, mpana mno, umelala kama jahazi lililopinduliwa. Wabukusu na Wagisu huuita Masaba. Kilele chake kirefu, Wagagai, chenye mita 4,321, kiko Uganda, na upande wa Kenya uko Koitobos wenye mita 4,222. Mpaka wa nchi mbili umepita juu yake. Mto Malaba, upitao hapo hapo mpakani, maji yake yatoka huko. Kenya ilitangaza mbuga yake ya taifa mwaka 1968, upande wa Trans Nzoia, kilomita za eneo 169. Uganda ikatangaza yake, iliyo kubwa zaidi kwa mara nyingi, mwaka 1993.

Lakini mlima haukuwa mtupu. Msafiri Joseph Thomson alipofika huko mwaka 1883 aliwakuta watu wanakaa mapangoni pamoja na ng'ombe wao, na katika msitu na malisho ya juu walikuwako watu wa kurina asali na kuchunga, ambao ni hao Waogiek wa Chepkitale kwa upande wa Kenya, na Wabenet kwa upande wa Uganda. Khabari zao ni ndefu, nasi twazitaja kwa ufupi. Wabenet walitengewa sehemu ya msitu wahamishiwe mwaka 1983. Baada ya mbuga kutangazwa wengi wakajikuta ni wavamizi pahala walipozaliwa. Mwaka 2005 Mahakama Kuu ya Uganda iliyokaa Mbale ikakubali kwamba wao ni wenyeji wa asili wa mahali hapo, na pamoja na hayo mwaka 2008 wako waliofukuzwa tena. Upande wa Kenya, watu wa Chepkitale walianza kuhamishiwa Chebyuk mwaka 1971. Ugomvi wa ardhi hiyo ya Chebyuk ukazaa vita vya mwaka 2006 hata 2008, wakafa mamia na wakahama maelfu, wengine wakakimbilia Bungoma na wengine ng'ambo ya mpaka. Mwaka 2000 serikali ikaifanya Chepkitale yenyewe kuwa hifadhi ya wanyama. Mwaka 2022 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Kenya ikahukumu kwamba hilo lilifanywa kinyume cha Katiba, na kwamba ardhi ile ni ya jamii ya Waogiek.

Hatutaki kuchanganya mambo. Hukumu hiyo ni ya Chepkitale, na pahala atakapopiga hema ndugu yetu ni katika mbuga ya mwaka 1968, ambayo ni kipande kingine. Sisi si makadhi wa ardhi ya Elgon, wala hatuwezi kutoka katika karatasi hii tukatamka kwamba kila shubiri ya mlima ni ya kunyang'anywa. Lakini hukumu ya sharia juu ya ardhi ya kunyang'anywa ni nzito, na yapasa msomaji aijue kabla hajasema kwamba hayo ni mambo ya serikali na wakabila, si yake. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba mwenye kuchukua ardhi ya mwenziwe kwa dhulma, ijapokuwa shubiri moja, atavishwa shingoni siku ya Kiyama ardhi saba. Na wanazuoni wamezungumza juu ya sala yenyewe katika ardhi ya namna hiyo. Jamhuri yao, nao ni pamoja na Imamu Shafi, wamesema sala yasihi lakini mwenye kusali ana dhambi ya kuwapo hapo. Na katika kauli mashuhuri ya Imamu Ahmad, sala hiyo ni batili. Fikiri, ewe msomaji: ikiwa kusujudu kwenyewe kwaingiwa na shaka kwa sababu ya haki ya mwenye ardhi, basi kuota moto na kula nyama ya kuchoma kutasalimika vipi?

Atasema mtu: Je, msitu usilindwe? Watu wakiachwa wakakata watakavyo, ndovu wakauawa kwa pembe zao, mito ikakauka, si itakuwa khasara ya wote? Twajibu kwamba hili ni kweli, wala haikatai ila mjinga. Aliye na shaka na akumbuke Bududa, upande wa Uganda wa mlima huu huu, ambapo mwezi wa Machi mwaka 2010 mlima uliporomoka baada ya mvua nyingi ukawafukia watu na nyumba zao, na katika sababu zilizotajwa ni kukatwa miti katika miinuko mikali. Kulinda ardhi kwa maslaha ya wote kumo katika dini yetu kabla ya kuwako hizo mbuga za taifa, na jina lake ni hima. Mtume aliilinda Naqii, na Sayyidna Umar akailinda Sharaf na Rabadha, zikawa malisho ya ngamia na farasi wa Waislamu.

Lakini tutazame Umar aliilindaje. Alimweka mtumwa wake aliyemwacha huru, jina lake Hunayy, kuwa msimamizi wa hima, akampa maagizo ambayo Bukhari ameyapokea. Alimwamuru awakunjie watu bawa lake kwa upole, na aiogope dua ya mwenye kudhulumiwa kwa kuwa ni yenye kujibiwa. Akamwambia amwache aingie mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache, na ajihadhari asije akawaingiza wanyama wa Ibn Auf na wa Ibn Affan. Nao hao ni Abdurrahman na Uthman, katika wakubwa wa Masahaba na matajiri wao! Akatoa sababu: matajiri hao wanyama wao wakifa watarejea kwenye mitende na mashamba yao, bali yule maskini wanyama wake wakifa atakuja na watoto wake aombe, na majani na maji ni mepesi kwangu kuliko dhahabu na fedha. Kisha akasema neno ambalo kila mtawala alifaa kulitundika ukutani: kwamba watu wale wanaona amewadhulumu, kwa kuwa ni nchi yao, waliipigania katika zama za ujinga na wakasilimu nayo ikiwa mikononi mwao, na kwamba lau si wanyama wale wa kuwachukua watu katika njia ya Mungu, asingaliwazuilia hata shubiri moja ya nchi yao.

Umar hakusema kwamba watu wale hawana haki. Alikiri kwamba nchi ni yao. Hakusema kwamba hima yafuta jina la mwenyewe. Alisema kwamba dharura imemlazimisha, na dharura yapimwa kwa kadiri yake. Na alipofungua mlango, aliufungua kwa mwenye kidogo akaufunga kwa mwenye kingi. Sasa tulinganishe na hima za zama zetu. Langoni husimama gari la mwenye nacho, hulipa, hupita na kusalimiwa. Na mwenye mbuzi watano, ambaye babu yake alichunga hapo, mbuzi wake hukamatwa. Mlango ni ule ule, umegeuzwa tu. Hatumlaumu askari wa zamu, yeye ametumwa. Wala hatuilaumu nchi moja, kwani jambo hili limeenea dunia nzima, na wakoloni ndio waliolianza huku kwetu kabla ya serikali zetu kulirithi. Twasema tu kwamba mwenye kudai kuwa hapana njia nyingine ya kulinda msitu ila kuwatoa wenyewe, basi Umar amekwisha kumjibu. Na Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha nayo, mwaka 2017, katika kesi ya Waogiek wa msitu wa Mau, ilikataa hoja ya kwamba kuwafukuza kulikuwa na udhuru kwa sababu ya kulinda mazingira. Hata sisi wa visiwani na Pwani twalijua hilo. Misali ya Pemba, ambayo wazee husimulia kwamba imeelekea kibla kama msala, ilipofanywa eneo la kulindwa mwaka 1998, wavuvi hawakuondolewa. Waliachiwa sehemu kubwa wavue, ikazuiliwa sehemu ndogo, nao wakaingizwa katika usimamizi.

Huenda ndugu yetu akasema: Mimi sikumfukuza mtu, wala sikuandika sharia ya mbuga. Nalipa kiingilio, nalala, naondoka. Dhambi yangu ni ipi?

Twamjibu kwa kazi yake mwenyewe. Yeye ndiye mjuzi wa hati. Pale Malaba mzigo hauvuki ila umejulikana ni wa nani, umetoka wapi, na ushuru wake umelipwa au haujalipwa. Na dereva akisema kwamba yeye amepakiziwa tu hajui kilichomo, hasikilizwi. Basi mbona starehe yetu huivusha bila ya kuuliza hata suala moja? Mtume ametufundisha kwamba halali i wazi na haramu i wazi, na baina yake mna mambo yenye kutatiza, na mfano alioupiga ni wa hiyo hiyo hima: mchungaji achungaye pambizoni mwake, akakaribia kutumbukia ndani. Mahali pa ndugu yetu ni hapo pambizoni. Hatumwambii kwamba yumo ndani.

Kwa hivyo hatumkatazi safari. Akikaa nyumbani, mlima hautarejea kwa mtu, na watoto wake watakua wakiujua kwa picha tu. Wala hatupendi uchaji wa mtu mwenye kususia jambo dogo ili moyo wake utulie, kisha dhulma ikabaki pale pale. Tunalolichukia ni kwenda kwa kughafilika: mzazi awaonyeshe wanawe mlima, awaambie hii ni kazi ya Mungu, na awafiche kazi ya wanadamu iliyofanyika juu yake, mpaka mtoto arudi akidhani kwamba pori lile tangu kuumbwa halikuwa na mtu. Huo ni uwongo, ijapokuwa haukutamkwa. Na mtoto aliyelelewa juu ya uwongo huo akiwa mkubwa, akawa karani wa ardhi au mbunge, atawafukuza wengine hali moyo wake haumsuti.

Basi, ewe ndugu yetu, nenda na jamaa yako. Usiku mkikaa kwa moto, waeleze watoto khabari ya mapango na watu wake, na khabari ya Chepkitale na ya Wabenet, kama unavyowaeleza khabari ya babu zao wa Lamu au Mombasa. Ukihitaji mtu wa kukuongoza njia au kukubebea, mtafute miongoni mwa watu wa mlima, usimtege bei kwa dhiki yake, na umlipe kabla jasho lake halijakauka. Ukimwona mtu anachunga pembezoni mwa msitu, msalimie kama umsalimiavyo mwenye nyumba, wala usikimbilie kumshitaki kwa askari. Na ukiwa na kalamu na ulimi, kama ulivyo, wakati wa watu kuomba kura zenu Busia na Bungoma ukifika, waulize hukumu za mahakama zimetekelezwa wapi, usiwaachie Wasabaoti na Waogiek peke yao kuuliza.

Lakini kabla ya haya yote, liko la karibu. Kijana wako wa mizigo amekwambia kwamba bibi yake alizaliwa katika pango la mlima ule na yeye hajapata kuliona. Mwulize, kwa adabu na si mbele ya wenziwe, kama yu radhi afuatane nanyi. Akikubali, mlipie kiingilio kama umlipiavyo mwanao, usimkate katika mshahara siku hizo tatu, wala usimpakize mizigo yenu, kwani hakwenda kwa kazi. Na mkifika langoni pa mapango, mwache yeye atangulie.